Na dereva mmoja

Ukiishi Goma, huku mashariki mwa Kongo, na ukawa mtu wa kufungua redio kabla ya chai, kuna kaneno kamoja utakazoea mpaka ukasikie usingizini. Magardi watano wa hifadhi wameuawa, na dereva. Watu wa chanjo wamevamiwa usiku, wamekufa kadhaa, na dereva. Mtangazaji akifika hapo sauti imeshaanza kuteremka. Anavuta pumzi aingie kwenye bei ya mafuta.

Nilikaa siku moja nikapanga tarehe. Tarehe 9 Aprili 2018, sekta ya kati ya Hifadhi ya Virunga: magardi watano, na dereva. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Novemba 2019, kwenye vituo vya kupambana na Ebola vya Biakato na Mangina: mtu mmoja wa chanjo, polisi mmoja, na madereva wawili. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo: magardi 12, raia wanne, na dereva. Tarehe 22 Februari 2021, Kibumba, kwenye barabara ile ile inayotoka hapa mjini kwenda Rutshuru: balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva wao Mkongomani. Balozi na mlinzi walifanyiwa mazishi ya kitaifa mjini Roma kabla wiki haijaisha. Simama pale Birere uwaulize watu kumi jina la balozi aliyeuawa Kibumba, watatu au wanne watakutajia. Kisha waulize jina la dereva.

Mimi mwenyewe sitaandika hapa majina ya madereva hao, maana sikwenda kuziomba familia zao ruhusa. Najua kwamba kwa kufanya hivyo nimerudia lile lile ninalolilalamikia.

Sisemi damu ya dereva ni nzito kuliko ya gardi au ya daktari. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi Butembo tarehe 19 Aprili 2019 akiwa kazini katika hospitali ya chuo kikuu, na kila ua alilowekewa alilistahili. Ninachosema ni kwamba hako ka "na" kanatuonyesha heshima inavyotembea hapa kwetu: inafuata mkataba, haifuati kifo. Mwenye mkataba mrefu anapata jeneza lenye bendera, anapata hotuba, na kuna ofisi itakayompigia mjane wake simu. Mwenye mkataba mfupi anapata jeneza na hotuba. Asiye na mkataba anapata jeneza, kama majirani wamechanga.

Kwetu Katoyi, nyumba ya tatu ukishapita robine ya maji, anaishi mama mmoja ambaye mume wake alikuwa anaendesha gari la wagonjwa. Nyumba yake ni ya mbao kama zetu zote, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano, na mvua ikipigia upande wa ziwa maji yanapita chini ya mlango. Kwa hiyo karatasi zake haziweki chini. Amezifunga kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ameutia kwenye ndoo yenye kifuniko, ndoo ameipandisha juu ya kabati. Siku aliyoniita kunionyesha alipanda kiti, akaishusha polepole kama anashusha mtoto aliyelala.

Mume wake alipigwa risasi barabarani akirudi kuchukua wagonjwa wa awamu ya pili. Wa kwanza alishawafikisha. Shirika lenye lile gari halikumwajiri moja kwa moja. Lilikuwa linachukua madereva kwa mtu wa kati, na mtu wa kati alikuwa analipa kwa siku. Siku ya kilio yalikuja magari matatu. Walileta sanduku, mchele, sukari, bahasha. Mkubwa mmoja alisimama akasema marehemu alikuwa shujaa, akalirudia neno hilo mara mbili. Baada ya siku tatu shitingi, lile turubai la kilio, ilikunjwa, viti vya kukodi vikarudishwa, na tangu hapo simu ya yule mkubwa inaita tu.

Ofisi moja ya hapa mjini, ambayo siitaji kwa kuwa bado mama huyu ana shida nayo, ilimwambia alete karatasi ya ndoa. Hana. Mahari ilitolewa, wazee walikula mbuzi, padri aliwabatiza watoto, lakini komini, kwenye ofisi ya kuandikisha ndoa, hawakufika. Ndoa nyingi za Goma ziko hivyo, na yake ni afadhali kuliko zile za yaka tofanda, za njoo tukae pamoja, ambazo hata mahari ilibaki ahadi. Wakamwambia alete vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanne. Anavyo viwili. Sheria ya familia, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto bila taabu. Zikishapita inabidi hukumu ya mahakama, na hukumu ina gharama zake, zilizoandikwa na zisizoandikwa. Mtoto wake wa tatu alizaliwa wiki tulipokuwa tunakimbia volkano, Mei 2021. Nani alikuwa anahesabu siku 90? Mwishoni wakamwambia alete barua ya mwajiri inayosema marehemu alikuwa kazini siku ile. Mtu wa kati alishabadilisha namba ya simu.

"Yaya," akaniambia, maana huku ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "weye unaandikaka. Uandike basi: bwana yangu alikufa mara moja. Ni miye wananiombaka kila siku nionyeshe kama alikufa."

Kisha akatoa kitu ambacho hakuna ofisi iliyokuwa imemwomba. Daftari dogo la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Marehemu alikuwa akipiga humo mistari ya penseli, mstari mmoja kwa siku moja ya kazi, mitano mitano, ili mtu wa kati asimpunje wakati wa kulipwa. Nilihesabu miezi miwili ya mwisho. Mistari 43.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile namba 015 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtambua mfanyakazi wa siku kwa siku. Inasema akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa ameajiriwa kwa muda usio na kikomo. Inasema pia kwamba pasipo mkataba wa maandishi, huchukuliwa kuwa upo mkataba wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Halafu kuna sheria ya hifadhi ya jamii namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, inayohesabu ajali ya kazini, hata ile ya njiani kwenda na kurudi kazini, kuwa jambo ambalo wanaobaki nyuma wanalipwa kwalo kupitia CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mjane na mayatima. Kumwandikisha mfanyakazi ni wajibu wa mwajiri, siyo wa marehemu, na siyo wa mjane mwenye ndoo juu ya kabati.

Kwa mistari hiyo 43, mtu ambaye shirika lilimwita "dereva wa siku" alikuwa mfanyakazi wake kamili, au wa mtu wa kati, wakaligombanie wao kwa wao. Hata mimi, ninayejidai kusoma, sikuwa najua mpaka mwanasheria mmoja rafiki yangu alipocheka niliposema "lakini hakuwa na mkataba". Alicheka vibaya. Akaniambia wenye magari wanalijua hilo vizuri sana, ndiyo maana wengine huwabadilisha madereva kabla siku hazijafika 22.

Kwa hiyo tukisema taifa halijali wajane wa watu hawa, tunasema nusu tu. Sheria ipo. Imekaa Kinshasa, na mjane amekaa Katoyi, na kati yao tangu vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025 hakuna ndege inayotua Goma kama zamani, benki zilifunga milango, na mji una wakubwa wengine. Mama wa watu anajiuliza apige mhuri kwa nani. Karatasi ya upande huu inatiliwa shaka upande ule. Siingii kwenye siasa hiyo, nina watoto. Ila yeyote anayesema anatawala watu, awe hapa au kule, apimwe pia kwa jambo hili: mjane akija na cheti cha kifo, anatumwa wapi?

Upo mfano wa karibu ambao haukungoja Kinshasa. Virunga, hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925, imeshapoteza magardi zaidi ya 200. Wale 12 wa Aprili 2020 hawakuwa hata wamelengwa. Kwa maelezo ya hifadhi yenyewe, walikuwa wanarudi makao makuu, wakakuta gari la raia linashambuliwa, wakaingilia kuwasaidia. Ukitaka kujua maana ya mtu wa kwanza kufika kwenye hatari, usiende mbali zaidi ya kilomita arobaini na kitu kutoka hapa. Hifadhi ina mfuko maalumu kwa ajili ya familia za magardi waliokufa, na pale Rumangabo kuna karakana ya ushonaji ambako wajane wanafanya kazi. Cherehani hairudishi mtu. Lakini inamtoa mama kwenye foleni ya kuomba na kumweka kwenye foleni ya kulipwa, na hayo ni maisha mawili tofauti kabisa.

Sifa hiyo ina kasoro yake. Mfuko ule unaishi kwa michango, na michango inakuja kwa wingi kwa sababu Virunga ina sokwe. Sokwe wana marafiki London na New York. Gari la wagonjwa halina. Kijana anayebeba machela Mabanga hana mnyama wa kuweka kwenye picha pembeni yake. Heshima ya familia haiwezi kutegemea uzuri wa kile baba alichokuwa analinda.

Wapo walio nyuma hata ya dereva, kwa sababu kwao hakuna hata mstari wa penseli. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipofunguka, mji uligawanyika: wengine Gisenyi kule Rwanda, wengine Sake. Mimi nilikuwa wa Sake, mtoto wa dada yangu mgongoni, godoro kichwani, sijui kwa nini godoro. Katikati ya msongamano tulipishana na vijana wa Msalaba Mwekundu, wamevaa vizibao vyao, wanakwenda tulikotoka. Mbingu upande wa Buhene ilikuwa nyekundu. Mmoja wao nilimtambua, ni mtu wa kuuza vocha za simu pale kwetu kwenye kona. Siku zilizofuata ndio walikuwa wakiandika majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Na Januari 2025, miili ilipolala barabarani na hospitali ya CBCA Ndosho imefurika majeruhi, watu wa Msalaba Mwekundu na wa ulinzi wa raia ndio waliookota na kwenda kuzika makaburini ITIG. Kuna mtu kati yenu aliyewahi kuuliza wanalipwa nini? Ni watu wa kujitolea. Wanapewa nauli, pengine chakula. Sheria ya kazi haiwahusu kwa kuwa hawana mshahara, na akifa mmoja wao, chama kitajitahidi, wenzake watachanga, basi.

Hapo ndipo ningependa tuazime wazo moja kutoka mbali. Marekani, ambako sijafika na ambako si kila kitu kinatufaa, ilipitisha mwaka 1976 sheria ya kuwalipa familia za polisi na wazimamoto wanaokufa kazini. Ilianza na dola 50,000. Dola hizo hatunazo, tusidanganyane. Kilichonivutia ni maneno machache yanayoeleza nani anahusika: mtu anayetumikia taasisi ya umma kwa malipo au bila malipo. Wazimamoto wengi wa kule ni wa kujitolea, hasa miji midogo, na wale waliotunga sheria walielewa kwamba moto haumuulizi mtu kama analipwa. Yaani waliangalia kazi ilikuwa kazi gani, wakaacha kuangalia karatasi ya mshahara. Maneno hayo hayagharimu faranga hata moja kuyaandika kwenye sheria yetu.

Na kule kule kuna somo jingine. New York walikufa wazimamoto 343 siku ile ya Septemba 11, 2001. Miaka 22 baadaye, Septemba 2023, idadi ya waliokufa kwa magonjwa ya vumbi la pale ilikuwa imefikia hiyo hiyo 343. Kifo cha kazini si lazima kije siku ya kazi. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, uliochukua watu 2,287 Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, waliambukizwa wahudumu wa afya zaidi ya 160. Wengi kwenye vituo vyetu vya afya hawana hata matrikule, namba ya mtumishi wa serikali. Wanaitwa "units mpya", yaani watumishi wapya, jina la kuchekesha kwa mtu aliyefanya kazi miaka kumi bila mshahara wa serikali. Muuguzi wa namna hiyo akishikwa na ugonjwa wodini akafia nyumbani kwake miezi sita baadaye, nani ataandika kwamba alikufa kazini? Kilio chake kitakuwa cha mtu aliyeugua.

Najua nitakachojibiwa. Goma kila mtu ana maiti wake, kwa nini hawa wawe mbele? Jirani yangu mmoja, mzee ambaye namheshimu, aliniuliza hivyo hivyo: "Mwanangu, wangu alikufa kwa bomu akiwa kitandani, huyo hana thamani?" Sikuwa na jibu zuri siku hiyo. Nililolipata baadaye ni hili. Mtoto wake aliuawa, na wanaostahili kumlilia ni wote, na anayestahili kulipa ni aliyerusha bomu. Lakini dereva wa gari la wagonjwa sisi tulimpigia simu. Tulimwambia njoo. Alikuja kwa sababu tulimwita, akapita njia ambayo sisi wenyewe tulikataa kupita. Hilo ni deni la namna nyingine, na deni lina mwenye kudaiwa.

Jibu la pili huwa linatolewa kwa sauti ya chini ofisini: mkianza kulipa, watatokea wajane wa uongo. Ni kweli, watatokea. Nimeona kilio ambako wanawake wawili walivaa nguo nyeusi na kila mmoja akakaa upande wake wa jeneza. Na uongo wa wajane ukiupima na uongo wa ukoo wa mume, wa ukoo ni mkubwa zaidi. Sheria yetu ya familia inawaweka watoto wa marehemu kwenye daraja la kwanza la warithi, pamoja na wale wa nje ya ndoa aliowatambua, na inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba. Mtaani sheria ni shemeji. Anafika siku ya pili, anaitwa mwenye kusimamia mirathi, anaondoka na pikipiki, redio, na ufunguo wa kioski. Yule mama wa Katoyi aliponyang'anywa pikipiki aliambiwa ni "mali ya familia". Watoto wanne wa marehemu, sijui wao ni wa familia gani.

Dawa ya wajane wa uongo ni ile ile dawa ya wajane wa kweli: majina yaandikwe mtu angali hai. Kila anayepanda gari la wagonjwa, kila anayevaa kizibao, kila gardi, dereva, mchimba kaburi wa Ebola, awe na ukurasa mmoja. Mke au mume ni nani. Watoto ni nani, wamezaliwa lini. Nani apigiwe simu. Alifanya kazi siku zipi. Ashuhudie shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa, na mtu mmoja wa ukoo, ili shemeji asije akasema hakujua. Nakala moja ibaki kazini, moja komini, moja nyumbani. Na makanisa yetu, ambayo yanajua kupanga ndoa za pamoja za watu thelathini kwa siku moja na keki ya kugawana, yangeweza kuanza na hawa, na mtu wa komini akaja pale pale na kitabu chake. Mashirika yenye magari meupe tayari yanafanya hivyo kwa wageni wao. Mgeni hapandi gari bila kuandika nani ajulishwe akipatwa na jambo. Anayeshika usukani huulizwa kama ana leseni.

Kuhusu sherehe, sitasema mengi. Siku za kukumbuka tunazo tele: tarehe 8 Mei ya Msalaba Mwekundu, 31 Julai ya magardi, 19 Agosti ya watu wa misaada, na zile mbili zetu za Januari, 16 na 17, za mashujaa wa taifa. Nilihudhuria mojawapo katika hoteli moja kando ya ziwa. Kulikuwa na dakika ya ukimya, maua, soda baridi. Nilitoka nje kupiga simu, nikawakuta madereva wamekaa kwenye magari, vioo vimeshushwa, wanasubiri sherehe ya wahudumu iishe. Mmoja aliniuliza, "Wamefika wapi?" Nikamwambia wamefika kwenye ukimya.

Lakini wajane hawachukii sherehe, nisiwasemee uongo. Yule mama ameitundika picha ya mume wake akiwa na kizibao, na cheti alicholetewa siku ya kilio amekiwekea kioo. Watoto wanakionyesha wageni. Anachosema ni kwamba karo ya shule haipokelewi kwa cheti.

Sasa amekubali kwenda kwa mkaguzi wa kazi, ambako mgogoro wa mfanyakazi na mwajiri hupitia kwanza kabla ya mahakama. Mwanasheria wangu wa kicheko ameahidi kwenda naye bila malipo, tutaona. Walihitaji nakala ya daftari. Lenyewe amekataa kuliacha kwa mtu yeyote, na simlaumu. Juzi tulikwenda wote kwa kijana wa fotokopi karibu na Alanine. Kopi ya kwanza ilitoka nyeupe tupu, jedwali la kuzidisha tu ndilo lililoonekana, penseli ilikuwa imefifia mno. Kijana akaongeza wino. Ya pili ikatoka kijivu, na mistari kama vivuli.

"Mama, hii ni nini?" akauliza, akiigeuza geuza.

"Ni kazi," mama akamjibu. "Ongeza tena."

Akaongeza tena. Ya tatu ilitoka nyeusi pembezoni kama iliyoungua, lakini mistari ilionekana. Tuliihesabu pale pale juu ya mashine, mitano mitano, watu wa foleni wakinung'unika nyuma yetu. Ilikuwa 42. Mama akashika kalamu ya kijana, kisha akairudisha, akasema tutoe nyingine.